.co.tz, .co.ke, .com au .org? Jina likipata shida, nani atakusikiliza

Asubuhi moja wakati wa kaskazi, viongozi wa ushirika wa wakulima wa mwani kusini mwa Unguja waliniita nikawaangalizie tovuti yao. Ukurasa uliokuwa ukionyesha sabuni na unga wa mwani sasa ulikuwa umejaa matangazo ya kamari. Jina la tovuti ile walikuwa wamelichapa kwenye mifuko, kwenye bango la barabarani, hata kwenye kanga walizogawa siku ya uzinduzi. Kumbe muda wake ulikwisha, hakuna aliyelipia, na mtu wa mbali akalichukua. Aliyelisajili ni kijana aliyewatengenezea tovuti. Alitumia jina lake na barua pepe yake mwenyewe, na simu yake haikuwa ikipatikana tena.

Katibu wao, bibi aliyeshika daftari la hisa kwa miaka mingi, hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Mwanangu, kesi hii tunaipeleka kwa nani?"

Jina lilikuwa la .com. Kwa hiyo jibu halikuwa mahakama ya Mwanakwerekwe, wala ya Kisutu, wala TCRA, mdhibiti wa mawasiliano Tanzania. Daftari lenye jina lile liko kwa kampuni ya jimbo la Virginia, Marekani. Tangu siku ile, mtu akinijia kutaka ushauri wa jina la tovuti, simwachi aanze na bei wala na lipi linaonekana la kisasa. Naanza na swali la katibu.

Mwenye nyumba ni nani

Jina la kikoa, au domeini kama wengi tulivyozoea kusema, halinunuliwi. Linapangishwa mwaka kwa mwaka, kama fremu ya duka. Na kwenye fremu, mtu mwenye busara huuliza kwanza mwenye nyumba ni nani, na ugomvi ukizuka mjumbe ni nani. Zile herufi za mwisho baada ya nukta, ambazo hapa nitaziita mkia, ndizo zinazokuambia yote mawili.

Juu kabisa yupo ICANN, shirika lisilo la faida lililoundwa mwaka 1998, lenye makao Los Angeles. Hadi tarehe 1 Oktoba 2016 lilitunza orodha kuu ya mikia yote ya dunia chini ya mkataba na serikali ya Marekani. Mkataba ule ukaisha, na tangu hapo ICANN inawajibika kwa wadau wake: serikali, kampuni, wataalamu na watumiaji. Chini yake wapo wenye daftari la kila mkia. Daftari la .com linashikwa na kampuni ya Verisign. La .org linashikwa na shirika liitwalo Public Interest Registry, tuliite PIR. Chini ya hao wapo wasajili, yaani wale unaowalipa wewe.

Mikia ya nchi ina njia yake. Wenye daftari na wasajili wa .com na .org wamefungwa na mikataba ya ICANN inayosema mteja aarifiwe lini, alindwe vipi, ashtaki wapi. Mkia wa nchi umeachwa kwa nchi yenyewe: sheria zake, mdhibiti wake, na watu wake. Ndiyo maana .ke na .tz, ingawa ni majirani, hazifanani hata kidogo.

Kenya ilipewa .ke mwaka 1993. Miaka ile ya mwanzo mkia mzima ulikuwa kazi ya watu wachache: Dk. Shem Ochuodho upande wa usimamizi, na Mmarekani Randy Bush upande wa ufundi. Baadaye ikaundwa KeNIC, kampuni isiyo ya faida ambamo mdhibiti, watoa huduma za intaneti na vyuo walikaa meza moja. Tanzania ilipata .tz mwaka 1995. Mwaka 2006 TCRA na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, wakaunda tzNIC kuusimamia. Ukitazama karatasi za mwanzo, nchi hizi mbili zilianza na wazo moja: serikali na wafanyabiashara washike daftari pamoja. Safari ndiyo imetofautiana. Kenya ilipita majina 100,000 ya .ke, na sauti ya sekta binafsi bado inasikika ndani yake. Tanzania mkono wa mdhibiti ndio wenye uzito, na kwenye .tz neno la mwisho ni la TCRA.

Sisemi mmoja ni mbaya na mwingine ni mzuri. Mdhibiti mwenye nguvu anaweza kumwamuru msajili mzembe akurudishie jina lako wiki hiyo hiyo. Anaweza pia kulizima. Mkono ni uleule.

.co.tz na .com mbele ya sheria

Hapa ndipo ninapowaomba watu wasikimbie, kwa sababu imani iliyoenea ni kwamba .com ni ya "nje", kwa hiyo iko salama na mambo ya hapa. Si hivyo.

Ukiwa unaishi Dodoma na unaendesha tovuti ya .com, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakugusa vilevile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakugusa vilevile, na ukikusanya majina na namba za simu za wateja una wajibu mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hata kama mkia wako ni wa mwezini. Kenya ni hivyo hivyo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiulizi jina lako linaishia na nini, inauliza taarifa za nani unazo na unazifanyia nini. Sheria inamfuata mtu na kazi yake.

Kwa hiyo mwenye .com hajaikimbia sheria ya kwao. Ameongeza ya pili juu yake.

Na hiyo ya pili si ya mapambo. Oktoba 2007, wakala mmoja wa safari, Mwingereza aliyekuwa akiishi Hispania, aliamka akakuta tovuti zake zipatazo 80 zimezimwa. Alikuwa akiwauzia watu wa Ulaya safari za Kuba, biashara halali kabisa kwao. Lakini majina yake yalikuwa ya .com, msajili wake alikuwa Marekani, na jina lake liliingizwa kwenye orodha ya vikwazo ya Hazina ya Marekani. Seva zake, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, zilikuwa Bahama. Hazikumsaidia. Juni 2021 ikawa zamu ya vyombo vya habari vya Iran: presstv.com ilikamatwa na serikali ya Marekani, watazamaji wakahamia presstv.ir, ambayo Marekani haikuwa na daftari lake. Wewe unaweza kuwa huna habari na Kuba wala Iran. Lakini kama unauza safari, unasafirisha bidhaa, au unapokea fedha kutoka nchi zenye vikwazo, jambo hili lijue kabla hujachapa mifuko.

Sasa upande wa nyumbani. Desemba 2016 mwanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alifikishwa Kisutu pamoja na mwenzake. Miongoni mwa mashtaka, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, lilikuwamo la kuendesha jina la kikoa lisilosajiliwa Tanzania. Yaani mkia wenyewe, ile .com, uliandikwa kwenye hati ya mashtaka. Kesi zilizofunguliwa wakati ule ziliendelea hadi mwaka 2020. Sisemi kila Mtanzania mwenye .com yuko hatarini. Kampuni nyingi kubwa zinatumia .com mchana kweupe. Nasema kwamba ukifanya kazi ya habari, maoni au uchambuzi, mkia wako unaweza kuwa hoja mahakamani, na ni heri uongee na wakili kabla kuliko baada. Wenzetu wa maudhui wameshaona gharama: kanuni za 2018 ziliwataka wenye blogu walipe ada iliyopita shilingi milioni 2 mwaka wa kwanza. Kanuni hizo zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, kwa hiyo usitegemee ulichosikia mwaka ule.

Je, .com inakusaidia chochote mbele ya mdhibiti wa nyumbani? Inasaidia kitu kimoja. Jina lenyewe haliwezi kufutwa kwenye daftari kwa barua kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Msomaji aliyeko Muscat, London au Toronto ataendelea kukuona. Aliyeko nyumbani, hapana, kama njia itafungwa. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania, na X ni .com.

Kwa chombo cha habari, basi, mimi ningechukua yote mawili: .co.tz kwa ajili ya leseni na utulivu wa hapa, na .com iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, ikae tayari. Gharama ya la pili haifiki bei ya chakula cha mchana cha wahariri.

Jina likiibwa

Ugomvi wa .com una utaratibu mmoja wa dunia nzima tangu mwaka 1999. Unafungua shauri mtandaoni, kwa mfano kwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu. Unatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina lile linafanana na alama yako ya biashara, kwamba aliyelichukua hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Hakuna kusafiri, hakuna kupigwa kalenda. Ada ya WIPO kwa mwamuzi mmoja, kwa jina moja hadi matano, ni dola 1,500 za Marekani. Kwa hoteli ya Nungwi hiyo ni gharama ya kuvumilika. Kwa ushirika wa mwani ni mapato ya msimu.

Tena tazama sharti la kwanza: alama ya biashara. Watu wengi wanadhani cheti cha jina la biashara cha BRELA, msajili wa biashara wa Bara, kinatosha. Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili. Na Zanzibar ina ofisi yake, BPRA, kwa hiyo alama iliyosajiliwa Bara peke yake haijavuka bahari. Kenya mlango ni KIPI, taasisi inayosajili alama huko. Kama unaona jina lako litakuwa na thamani, sajili alama, itakutetea kwenye .com, kwenye .tz, na hata kwenye mifuko ya plastiki inayoghushiwa Kariakoo.

Kenya una kitu ambacho utaratibu ule wa .com hauna: jinai. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 28, inamhesabu mtu anayechukua jina la mwingine mtandaoni bila haki kuwa mkosaji, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili, au vyote. Hiyo inabadilisha mazungumzo. Anayekupigia simu kutoka Eldoret akitaka umlipe ndipo akuachie jina lako, unaweza kumjibu kwa lugha nyingine. Na mbali na polisi, KeNIC ina utaratibu wake wa usuluhishi, na mahakama ziko karibu. Kwenye .tz nako kuna usuluhishi, na WIPO ni miongoni mwa vyombo vinavyoupokea; vinginevyo unaandika barua kwa mdhibiti, unagonga muhuri, unaipeleka mwenyewe na kuifuatilia.

Mimi, kwa mfanyabiashara mdogo asiye na wakili, napima hivi: mwenye daftari yuko umbali gani kwa daladala au kwa basi? Kwa .co.tz na .co.ke, unaweza kufika. Ukifika na cheti cha usajili, kitambulisho na mihutasari ya kikao, kuna mtu wa Kiswahili atakayekusikiliza. Hilo halimo kwenye matangazo ya wasajili, lakini nimeliona likifanya kazi.

Daftari la nyumbani nalo lina udhaifu wake. Aprili 2013 watu walioandika google.co.ke walijikuta kwenye ukurasa wa mdukuzi. Kampuni yenyewe haikuguswa. Kilichochezewa ni maelekezo ya jina. Kwa hiyo jina lolote lenye fedha nyuma yake lisimamie kwa msajili anayekuwezesha kufunga uhamisho, na akaunti yako iwe na uthibitisho wa hatua mbili.

Mikia iliyofungwa

Hapa sichukui muda mrefu. Kama wewe ni shule, chuo au ofisi ya umma, acha kutafuta. Chukua .sc.tz, .ac.tz au .go.tz, Kenya .sc.ke, .ac.ke au .go.ke. Thamani ya mikia hii ni kwamba si kila mtu anaruhusiwa. Mzazi akipata ujumbe wa karo kutoka anwani ya .sc.tz ana sababu ya kuuamini kuliko wa jina lililosajiliwa jana usiku kwa kadi ya benki isiyojulikana. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, ofisi za umma Tanzania zinasimamiwa na eGA, mamlaka ya serikali mtandao, katika mambo haya, na inanisikitisha bado kuona ofisi ya kata inatoa tangazo la ajira na chini yake imeandika barua pepe ya bure ya kila mtu. Matapeli wa ajira wanaishi kwenye ufa huo.

.org na .or.tz: kwa asasi

Asasi za kiraia hupenda .org, na naelewa kwa nini. Wafadhili wanaijua. Lakini mnapaswa kujua kilichotokea Novemba 2019. PIR, wenye daftari la .org, ni mali ya Internet Society, shirika lisilo la faida lililojengwa na watu wenyewe wa intaneti. Internet Society ikatangaza kuiuza PIR kwa kampuni ya uwekezaji iitwayo Ethos Capital, kwa dola bilioni 1.135. Miezi michache kabla, ICANN ilikuwa imeondoa ukomo wa bei uliokuwamo kwenye mkataba wa .org. Asasi za dunia nzima zikaona zinakwenda kukabidhiwa kwa mwenye nyumba mpya anayetaka faida, na hakuna kinachomzuia kupandisha pango.

Zikapiga kelele. Zikaandika barua, zikasimama mbele ya ofisi za ICANN. Mwanasheria Mkuu wa California akaandika kuipinga biashara ile, na tarehe 30 Aprili 2020 ICANN ikakataa kuiidhinisha. Mauzo yakafa.

Ninalisimulia hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho watu wa huku hatukitumii vya kutosha: kwenye mikia ya ICANN, mwenye jina ana mahali pa kusemea hata akiwa hana hisa wala cheo. Maoni ya umma yanapokelewa. Ipo ofisi ya ICANN Nairobi. Kenya ina KICTANet, jukwaa la wadau wa sera za TEHAMA ambalo limekuwa likibishana na serikali na kampuni kwa miaka, na mwaka 2011 Nairobi ilipokea Jukwaa la Umoja wa Mataifa la Usimamizi wa Intaneti. Kwenye .or.tz sauti yako inapita kwa mdhibiti. Inaweza kusikika, nimeona ikisikika, lakini mlango ni mmoja.

Kwa asasi ya haki za binadamu nitasema .org bila kusita. Kwa asasi ya maji, afya ya mama au ushirika unaofanya kazi na halmashauri, .or.tz au .or.ke inatosha na inaonyesha mna mizizi. Na kama mmezoeleka, chukueni yote, muelekeze moja kwenye jingine.

.africa, .ug, .rw na majina ya bure

.africa ilifunguliwa mwaka 2017 baada ya ugomvi mrefu kati ya waombaji wawili, ugomvi uliofika hadi mahakama za California. Inaendeshwa kutoka Afrika Kusini kwa baraka za Umoja wa Afrika. Ni jina zuri kwa biashara inayovuka mipaka. Ila kwa mteja wa Morogoro bado ni geni. Nimeshuhudia mtu akiambiwa "nukta africa" halafu akaandika "nukta africa nukta com".

Uganda .ug ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa kampuni binafsi ya Charles Musisi, na ilifanya kazi. Rwanda ni hadithi nyingine: .rw ilikuwa ikiendeshwa kutoka Ulaya, na nchi ikahangaika miaka hadi mwaka 2012 ilipoikabidhi RICTA, shirika la hapohapo Kigali. Mkongomani anaweza kukumbuka .zr, mkia wa Zaire: nchi ilipobadili jina ikapewa .cd, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Vijana wa programu wanaopenda .io wasisahau hilo. Ni mkia wa visiwa vya Chagos, na Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuvikabidhi kwa Mauritius. Mkia wa nchi unaishi kadiri nchi inavyoishi kwenye orodha.

Kuhusu majina ya bure, nina uchungu. Kati ya vijana niliowafundisha, wengi walianzia kwenye .tk, .ml na .ga, kwa sababu hawakuwa na kadi ya benki. Mwaka 2023 aliyekuwa akiyagawa, kampuni ya Freenom, alisimamisha usajili baada ya kushtakiwa na Meta. Juni mwaka huohuo Gabon ikachukua .ga yake na mamilioni ya majina yakafutwa. Kazi za miaka zikapotea, na hapakuwa na wa kumlalamikia, kwa sababu kwenye majina yale mwenye haki kwa mujibu wa mkataba alikuwa kampuni, si mtumiaji. Leo .co.ke na .co.tz zinalipika kwa simu. Kijana mwenye malengo, ni heri alipie jina moja la nyumbani kuliko kuwa na kumi za bure.

Bei, na jambo la seva

Bei isikutese. Daftari la .com linamtoza msajili dola 10.26 kwa mwaka tangu Septemba 2024, na msajili anaongeza chake. Majina ya nyumbani yako kwenye rika hilohilo au chini yake, kwa shilingi, bila wasiwasi wa dola kupanda. Ulizia bei ya mwaka wa pili, siyo ya ofa. Basi.

Seva ni jambo jingine kabisa, na watu hulichanganya na mkia. Tovuti ya .co.tz inaweza kukaa Ujerumani, na ya .com ikakaa Dar es Salaam. Kama wateja wako ni wa hapa, iweke hapa. Tuna vituo vya kubadilishana mawasiliano kwa ajili hiyo hiyo: KIXP ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2000, ikafungwa wiki chache baadaye kwa malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa, ikapata leseni na kurudi mwaka 2002, na TIX ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2004. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, tovuti zilizokuwa ng'ambo ndizo zilizokwama.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa, mkia wowote

Mwenye jina kwenye fomu awe taasisi, au wewe mwenyewe. Kamwe asiwe fundi. Fundi awe msimamizi wa kiufundi tu, na maelezo ya kuingia yahifadhiwe na watu wawili.

Barua pepe ya usajili isiwe ya jina hilohilo unalolisajili. Jina likilala, barua pepe nayo imelala, na onyo la msajili halitakufikia. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Na kwa .com na wenzake, ukisajili utatumiwa ujumbe wa kuthibitisha anwani. Usipoujibu ndani ya siku 15, jina linaweza kusimamishwa.

Kwa .com na .org, msajili anawajibika kukukumbusha takriban mwezi mmoja kabla na tena takriban wiki moja kabla ya muda kwisha. Jina likishafutwa, lipo dirisha la siku 30 la kulikomboa, kwa ada kubwa kuliko pango la kawaida. Kwa .tz na .ke, soma masharti ya msajili wako, usidhani yanafanana.

Wale wa mwani hawakulipata jina lao la zamani. Tulijadiliana nusu siku, wakachagua .co.tz, likasajiliwa kwa jina la ushirika, kwa barua pepe ambayo katibu na mweka hazina wote wanaifungua. Kanga mpya zimechapwa. Tarehe ya kulipia pango ipo ndani ya jalada la daftari la hisa, kwa wino mwekundu, chini ya tarehe ya mkutano mkuu.